Wimbo Uliotangulia Ngoma

Paukwa?

Pakawa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, tuambie.

Basi hapo kale, katika mji wa Mtondoo, palikuwa na chemchemi moja tu, na kila miaka mitano watu walimchagua msimamizi wa kuyagawa maji yake. Sheria yao ilikuwa hivi: hakuna kuomba kura mpaka ngoma ya mji ilie. Atakayetangulia, jina lake linafutwa.

Mashavu, mkulima wa bamia, aliutaka usimamizi huo, na alikuwa na sababu. Mwaka uliopita maji yaliishia kwenye mashamba ya Mwinyikai, tajiri wa minazi, na bamia zake zikakauka zingali na maua. Sasa Mwinyikai naye aliutaka usimamizi, ili hata yale matone machache yaliyowafikia wengine yasishuke tena.

Ikabaki miezi mitatu ngoma ilie. Mwezi wa kwanza Mwinyikai akachinja ng'ombe, akasema ni hitima ya babu yake. Watu wakala, wakafundishwa wimbo. Mwezi wa pili akagawa kanga, akasema anamwoza binti yake. Wakavaa, wakaimba. Mwezi wa tatu akapika pilau, akasema ni shukrani kwa kupona jino. Jino, jamani, masufuria ishirini! Wakala, wakaimba. Na wimbo ulikuwa uleule. Yeye huuliza, "Maji tumpe nani?" Nao huitikia, "Mwinyikai!"

Mashavu aliusikia akiwa shambani. Dada yake akamsihi naye apike hata uji. Mashavu akakataa, akasema akiivunja sheria leo, kesho hataweza kugawa maji kwa haki. Lakini alipobaki peke yake alilia, kwa kuwa aliona kabisa kwamba anashindwa.

Ikafika siku ya kupokea majina. Uwanja ukajaa. Mashavu akaweka pingamizi mbele ya Bi Pili, mwanamke aliyeshika sheria ya uchaguzi. Mwinyikai akaapa kuwa hakuomba kura hata moja. Alilisha watu tu, na kulisha si kosa. Bi Pili akawauliza watu nani alimsikia akiomba kura. Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Watu wanatazama vidole vya miguu. Nasi tungekuwepo, pengine tungetazama vyetu. Pilau lilikuwa tamu.

"Mashavu, huna shahidi," akasema Bi Pili. "Una neno la mwisho?"

Mashavu akasogea katikati ya uwanja. Hakutoa hotuba. Alipiga makofi matatu, akaimba kwa sauti yake ya shambani:

"Maji tumpe nani?"

"Mwinyikai!"

Uwanja mzima uliitikia, wake kwa waume, mpaka mpiga ngoma, kabla hawajajua wamefumbua midomo. Hata Mwinyikai mwenyewe mkono ulikwisha kunyanyuka kuwapungia.

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mpaka mbele. Bi Pili akauliza wimbo huo walifundishwa wapi, na sasa ndimi zikafunguka: huyu hitimani, yule harusini, wengine kwenye pilau la jino.

"Ngoma bado haijalia," Bi Pili akamwambia Mwinyikai, "na jina lako limeimbwa miezi mitatu. Nalifuta."

Akalifuta palepale. Ngoma ikapigwa. Mashavu akabaki na mshindani mmoja, mhunzi wa majembe. Siku saba wakaomba kura nyumba kwa nyumba, wakipishana njiani na kusalimiana. Zilipohesabiwa, Mashavu alikuwa ameshinda. Vigelegele vikapasua mji. Wanawake wakambeba juu juu mpaka chemchemini. Akafungua mfereji kwa mkono wake mwenyewe, maji yakashuka hadi shamba la mwisho kabisa. Na Mwinyikai akapata fungu lake kama wengine, si zaidi, si pungufu.

Hapo ndipo nilipofika, na kinywa kimechoka. Ikiwa nzuri, gawaneni. Ikiwa mbaya, niachieni mwenyewe.

Tumeipokea, tumeigawana.