Nyumba Iliyoitika

Anayekuuzia kitanda atakusifia mbao, atakusifia kamba, atamsifia hata fundi. Kunguni hatakutajia. Anayewajua kunguni ni aliyelala. Sheria zinazoandikwa mbali ni hivyo hivyo: mwandishi huona mbao, mlalaji ndiye anayejikuna. Anayebisha na asikilize yaliyotokea Kisima Namba Tano, jangwani kwa Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa Australia, kilomita mia tatu kutoka lami inapokoma.

Rowena Nungarrayi alikuwa amesubiri nyumba miaka tisa. Kwa dada yake watu kumi na wanne walibanana katika vyumba viwili kama njiti kwenye kiberiti. Yeye na binti zake wawili walilala barazani, na mvua ikija waliburuta magodoro hadi jikoni. Kila mwaka aliambiwa kwamba jina lake limepanda orodhani. Mwaka huo likafika juu kabisa, na nyumba tupu ilikuwa moja tu, namba thelathini na moja.

Ilikuwa tupu kwa sababu mwenyewe, mzee mmoja, alifia ndani yake. Siku hiyo hiyo mjane na watu wake walifagia nyayo zao sakafuni, wakafunga mlango, wakahamia kambi ya msiba ng'ambo ya mto mkavu na kujipaka udongo mweupe. Jina la mzee nalo likafungwa, lisitajwe. Aliyetaka kumtaja alisema Kumanjayi tu, kama wanavyoitwa marehemu wote, na hata hapa jina lenyewe haliandikwi. Ilibaki kaka zake waje kuifukiza nyumba kwa moshi wa majani mabichi, ndipo familia nyingine iingie kwa amani. Lakini kaka walikuwa mbali magharibi, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara.

Idara ya Nyumba ya Jimbo haikuwa na habari ya moshi. Ilikuwa na kanuni. Nyumba ikikaa siku ishirini na nane bila mtu, imetelekezwa, apewe anayefuata. Anayefuata akikataa, anarudi mkiani mwa orodha.

Siku ya ishirini na tisa, saa sita mchana, gari jeupe la idara likaingia kijijini. Akashuka Trevor Haskell, afisa mwenye miezi mitatu tu kazini, faili kwapani. Clifton Jampijinpa, mfanyakazi wa baraza la kijiji, akamsindikiza hadi barazani kwa Rowena.

"Mama, leo ni siku yako," Haskell alisema. "Ufunguo huu hapa. Tia sahihi tu."

Rowena aliutazama ule ufunguo kama mwenye kiu anavyoyatazama maji ya chumvi.

"Nautaka," alisema. "Nipe wiki tatu. Kaka zake wafike, wafukize."

"Wiki tatu sina. Nina Ijumaa, faili lifungwe."

"Basi mpe huyo Ijumaa akakae humo," Clifton akadakia.

Haskell hakucheka. "Mama, ukikataa leo unakuwa wa sitini na mbili. Mabinti zako watakuwa bibi za watu kabla hujapata mlango."

"Wewe ungeingia kwa mtu ambaye hajaondoka?"

"Si amekufa?"

"Kufa ni kimoja, bwana. Kuondoka ni kingine."

Haskell alishusha pumzi, akafungua faili. Karatasi za nyumba zilikuwa bado kwa jina la marehemu, maana cheti cha kifo hakijafika mjini. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa wazi. Afisa apige hodi, alitaje jina la mpangaji kwa sauti mara tatu, asubiri kuitikiwa, kisha ajaze fomu.

Rowena aliposikia hivyo alisimama. "Fanya yote," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nipeleke huko mkiani ukitaka. Ila usimwite."

"Bosi, andika tu kwamba umeita," Clifton alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Sijawahi kuandika uongo kwenye fomu."

Wakamfuata hadi namba thelathini na moja. Jua lilikuwa wima na hakukuwa na kivuli hata cha kuku. Haskell akagonga mlango, akalitaja jina.

Mbwa waliokuwa wamelala ubavuni mwa ukuta waliinuka wote kwa pamoja, wakaondoka bila kubweka.

Akalitaja mara ya pili. Ng'ambo ya mto mkavu, kilio cha wanawake wa msiba kikakatika, kama uzi uliopitiwa na mkasi. Rowena akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani.

Akalitaja mara ya tatu. Ndani ya nyumba, kijiko kikagonga mfuniko wa kopo. Ti-ti. Ti.

Hakuna mtu wa Kisima Namba Tano asiyeijua sauti ile. Mzee alipotaka chai, hivyo ndivyo alivyomwita mkewe.

"Watoto hao," alisema Haskell, akafungua mlango. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni kama unga, halina unyayo hata mmoja. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli ya idara yenyewe, kwa nje. Ndani mlikuwa na kitanda cha chuma na godoro, basi.

"Ni bati," alisema. "Joto linalitanua. Sasa nitawaonyesha. Najilaza hapa nusu saa, mchana kweupe, nikitoka salama mama anatia sahihi." Akajitupa kitandani na viatu vyake.

Rowena na Clifton walikaa kando ya tangi la maji. Kijiko kiligonga mara moja zaidi.

Haskell alitoka pole pole, uso umempauka kama jivu. Shati lilikuwa limelowa jasho, na bado meno yalimgongana. Viatu alivishika mkononi.

"Nilimwambia sijui jiko liko wapi," alisema.

"Ulimwambia nani?" aliuliza Clifton.

"Mzee. Aliketi miguuni pangu, kitanda kikabonyea. Akanivua viatu. Akasema chai yake ni sukari vijiko vinne."

Rowena akafumba macho. Daktari alikuwa amemkataza mzee sukari miaka mingi. Habari ya vijiko vinne waliijua mkewe na majirani, na haikuandikwa katika faili lolote.

"Alisema kingine?"

"Aliuliza kwa nini nimemwita."



 

Clifton, mtu wa mizaha, siku hiyo mizaha ilimwishia. Alivunja matawi mabichi, akawasha moto mdogo, wakampitisha yule afisa kwenye moshi mpaka akapiga chafya na machozi yakamtoka. Rowena akampa maji. Alipopata nguvu, Haskell akaomba fomu yake. Swali la saba liliuliza: Je, mpangaji aliitika? Akatia alama kwenye Ndiyo.

Kwa kanuni ya idara, nyumba ambayo mpangaji wake ameitika haijatelekezwa. Isiyotelekezwa haigawiwi. Isiyogawiwa hakuna aliyeikataa. Rowena akabaki wa kwanza.

Mjini mkuu wake alimwita. "Haskell, unajua huyu mtu ni marehemu?"

"Najua."

"Nani basi kakuitikia?"

"Ufunguo uko mezani kwako, mkuu. Nenda ukajilaze."

Mkuu hakwenda. Wiki ya nne barabara ikafunguka na kaka za marehemu wakafika. Moshi ulipita kila chumba, kila kona, chini ya kitanda na juu ya dari. Rowena akahamia na binti zake, na mvua ya kwanza ilipopiga bati hakuna aliyeburuta godoro. Kijiko hakikusikika tena.

Kanuni ya siku ishirini na nane bado imo vitabuni. Ila tangu siku ile Haskell hagusi faili la nyumba ya msiba kabla hajampigia Clifton simu kuuliza kama moshi umeshapita. Wenzake humcheka. Wao wameisoma kanuni tu. Yeye alijilaza nusu saa, akatoka na viatu mkononi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.