Tela la Sekela

Ukilegeza tela, mlima haulegei. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo dada yake anayemfanyia mwanawe kazi za shule, nanyi mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Wajukuu zangu, huu si wa wahenga. Ulianza kwetu wachuma chai, na mimi nilikuwepo.

Kila asubuhi malori ya kampuni yalitupandisha mlima wa Nyambwe. Siku moja lori lilishindwa katikati, likarudi kinyumenyume na watu. Tulizika wanne. Fundi wa gereji, Sekela Mwaisumo, akaapa kwamba hakuna lori litakalotubeba kabla hajalipima. Akachukua ekseli za lori bovu, akaunda tela lenye breki za kukazwa kwa mpini. Alilivunja na kuliunda upya mara tatu. Kila lori lililivuta kwanza uwanjani, penye tambarare, naye akiwa juu ya tela alikaza breki mpaka likawa zito kama mlima wenyewe. Lori likizima, halitupakii.

Basi meneja, Bwana Kihwelo, akanunua lori kwa mbwembwe, akaalika wakubwa waje walione. Sekela alipokaza mpini hadi alama aliyoichora ya uzito wa mlima, injini ilikohoa, ikazima. Wakarudia, ikazima tena.

"Legeza kidogo, fundi," meneja alinong'ona. "Unaniaibisha mbele ya wageni."

"Nikilegeza tela, bwana, mlima nao utalegea?"

"Umesahau nani alikuajiri?"

"Uliniajiri nipime magari, si niyapambe."

Meneja akamwamuru ashuke. Hakushuka. Damu ikanichemka! Nikatupa kikapu changu, nikapanda nikakaa kando yake. Akafuata Tumpale, aliyefiwa na mume pale mlimani, kisha wengine, hata tela likajaa.

"Shukeni!" meneja alifoka.

"Tushuke kwa nini?" Tumpale alimjibu. "Mzigo unaopimwa hapa ni sisi."

Sekela alifukuzwa kazi siku ileile, siwafichi. Kesho yake lori lilelile lilikuja kutuchukua, likapiga honi, hakuna aliyepanda. Tulikwenda kwa miguu, saa mbili nzima, siku tisa, na chai ikachelewa kufika kiwandani. Kabla hajakubali kumrudisha Sekela na kuifungua ile injini itengenezwe, meneja alitungoja njiani, akauliza tutatembea mpaka lini. Hatukusimama. Tulimjibu kwa sauti moja huku tukimpita: ukilegeza tela, mlima haulegei.