Kiti cha Profesa Kaswaka

Hapo zamani, si zamani sana, maana mimi tayari nilikuwa na kitambi hiki, palikuwa na nchi yenye taasisi ya sayansi ya ulinzi. Mkuu wake, Profesa Kaswaka, alikuwa mwanafizikia. Alianza kwa kupima miale maabarani, akaishia kuwaeleza mawaziri kwa nini kombora si fataki. Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya jaribio, kila mtaalamu aseme "tayari". Mmoja akisema "bado", hakuna kurusha, wala haulizwi sababu mpaka chai inywewe. Nimezunguka nchi nyingi. Kuna ambazo zingepona kwa chai hiyo tu.

Mwaka wa kustaafu, Profesa alitakiwa kumtaja mrithi kati ya wataalamu wake watatu. Siku ya jaribio, Waziri akaja na wapiga picha.

Dkt. Ndeshi, mwenye rada, akasema, "Tayari."

Dkt. Lusato, mwenye kitufe, akasema, "Tayari."

Dkt. Mbwilo, mwenye hesabu za upepo, akasema, "Bado."

Waziri akafoka, "Rusha!"

"Mheshimiwa, imesemwa bado," akajibu Lusato.

"Nami nasema sasa! Kesho utafundisha chekechea!"

"Nitafundisha, mheshimiwa. Sukari vijiko vingapi?"

Wakanywa. Ndeshi peke yake hakunywa. Alirudi kwenye rada, akavirudisha kwenye kioo chake vitone alivyovifuta akidhani ni korongo. Kimoja hakikuwa korongo. Ilikuwa ndege ndogo ya abiria iliyopotea, inazunguka kwenye njia ile ile ya kombora, imejaa mashangazi wa bibi harusi na masufuria yao.

Waziri akaweka biskuti chini.

"Mbwilo, uliona nini?" akauliza Profesa.

"Sikuona kitu, Profesa. Moyo ulikataa tu. Lakini nisingesema, kombora lingeshaondoka."

Lusato akadakia, "Mimi nilijua hesabu ziko sawa, nikaona huyu anatuchelewesha bure. Hata hivyo nilishika sheria, nikahatarisha ugali wa wanangu."

"Nilikosea kusema tayari," akasema Ndeshi. "Lakini ningekaa kunywa nanyi, mngemaliza vikombe mkarusha."

Mashangazi walitua salama, wakawapakulia wote watatu pilau sawasawa, wakakataa kuamua nani hasa aliyewaokoa.

Profesa ameshafungasha vitabu. Waziri anangoja jina moja. Mimi nilipoulizwa, niliomba kikombe kingine. Haya, nyinyi mnaocheka: kile kiti akikalie nani?