Tembo Asiye na Masikio

Paukwa!

Pakawa!

Nichonge?

Chonga!

Nisichonge?

Chonga tu, tunasikia!

Hapo kale, huko Bara Hindi, mfalme alijenga hekalu la mawe. Ngano hii nani anaijua kama mimi? Hakuna. Kutani juu walichongwa miungu, katikati wacheza ngoma, na chini kabisa tembo, mmoja nyuma ya mwenziwe, wamelizunguka jengo zima kana kwamba wamelibeba.

Mafundi wale walikuwa na mwiko mmoja: macho huchongwa mwisho. Jicho likifunguka, jiwe limeamka.

Tembo wa mwisho alikuwa wa fundi Mallappa. Miguu tayari, mkonga tayari, mdomo tayari. Masikio bado. Akapita fundi mwenzake, Kesava.

"Ndugu yangu, huyo ni tembo au gunia la mchele?"

"Gunia? Ngoja likutazame!"

Tindo ikalia ko, ko, ko. Jicho moja. Ko, ko, ko. La pili. Tembo akapepesa, akajibandua ukutani, huyoo, kaenda zake.

Mfalme akaliona pengo. "Baada ya siku tatu tunafungua hekalu. Likiwapo, Mallappa, nitaliziba kwa mkono wako wa kulia."

Mallappa mbio. Akamkuta mtoni. "Tembo wangu, rudi ukutani!"

Tembo akasema peke yake, "Lo, dunia kubwa hii!" Akaondoka.

Akamkuta kwenye miwa. "Tembo wangu, rudi ukutani!"

"Lo, dunia kubwa hii!" Akaondoka.

Akamkuta kilimani. "Tembo wangu, rudi ukutani!"

"Lo, dunia kubwa hii!" Hata shingo hakugeuza.

Mallappa akarudi kwake analia. Mkewe, Nagavva, akamuuliza, "Umemwita?"

"Mara tatu! Koo limenikauka."

"Mume wangu, masikio ulimchongea lini?"

Mallappa akajishika masikio yake mwenyewe.

"Macho anayo. Basi acha kuita, mwonyeshe."

Ndani ya pengo lilibaki bonge dogo la jiwe. Mallappa akachonga siku mbili bila kulala: ndama wa tembo, miguu, mkonga, na masikio, tena makubwa! Macho akayaacha. Fundi haumwi na nyoka mara mbili.

Asubuhi ya tatu tembo alikuwa bado kilimani, na aliye kilimani huona mbali. Akamwona ndama pengoni, peke yake. Akashuka mbio, akaingia, akamfunika kwa mkonga.

"Lo, kumbe dunia ndiyo hii!"

Akawa jiwe.

Mfalme akaja, akazunguka, akatazama. "Huyu mbona hana masikio?"

Mallappa mkono kauficha nyuma. "Mtukufu, nimemwacha hivyo, asisikie njia ikimwita."

Mfalme akacheka, mkono ukapona. Na tangu siku ile Kesava akipita pale hufunga mdomo.

Ngano yangu imekoma: tamu chukueni, chungu niachieni. Mafunzo yake, kazi ambayo haijaisha usiifungue macho kwa maneno ya mpita njia. Nami tembo huyo nimemwona, nikampapasa. Asiyesadiki, basi naye aliyemchonga alisahau masikio yake.