Kiti Kilichoua Wanaume

Ukoo mmoja wa milimani ulikuwa na kiti ambacho hakuna mwanamume aliyekitaka, wala aliyethubutu kukikataa.

Kilikuwa kiti cha miguu mitatu, na aliyekikalia ndiye mkuu wa ukoo. Babu alikikalia, akashikwa na kifua, akafa kabla mvi hazijajaa kichwani. Baba akarithi, naye akaanguka katikati ya mazungumzo, mkono kifuani. Kisha Sifueli, mtoto wa kwanza wa kiume. Huyo walikuwa wamemzika majuzi tu.

Sasa zamu ilikuwa ya mdogo wake, Eliamani.

Tangu mazishi, usingizi ulimpaa. Kila alipopanda kilima na moyo kumwenda mbio, alisimama, akauwekea kiganja, akasikiliza. Alipowaona wanawe wakicheza uani, alijiuliza ni yupi kati yao atakayeikumbuka sura yake.

"Kiti hiki tukichome," alimwambia baba yake mdogo, Mcharo, aliyesimamia mila za ukoo.

"Ukichome wewe, laana itupate sisi?"

"Basi kikae kitupu."

"Acha kutia watu hofu, Eliamani. Jumamosi tunamaliza matanga, unakalishwa. Kondoo ameshanona."

Jumamosi ukoo ukajaa uani. Eliamani alikisogelea kiti kama mtu anayemsogelea nyoka. Alipokalishwa, vigelegele vikapigwa, na jasho likamtiririka mgongoni.

Ndipo zikaletwa heshima za mkuu. Kwanza sahani yake: mkia wa kondoo, mafuta matupu, umenyunyiziwa chumvi mpaka ukawa mweupe. Kisha kiko cha marehemu, kimejazwa tumbaku. Mcharo akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Eliamani hatashika jembe tena. Vijana watamlimia, na pikipiki itampeleka kila aendako, hata kanisani.

Eliamani aliishika sahani kwa mikono miwili.

"Siwezi," akasema. "Kiti hiki kitaniua."

Kicheko kikasikika mlangoni mwa jikoni. Alikuwa Shangazi Namkunda, dada mkubwa wa baba yake.

"Kiti kipi, mwanangu?"

"Hiki nilichokalia, shangazi. Kilichomuua babu."

"Hicho babu yako hakuwahi kukiona. Chake kilivunjika mguu. Baba yako akaona aibu, akachongesha kingine kinachofanana, akaniambia nifunge mdomo. Kile cha zamani nilikigongomea mguu. Ndicho ninachokalia jikoni nikichambua maharage, mpaka leo."

Watu wote uani wakamgeukia. Namkunda alikuwa amewazika ndugu zake wote wa kiume, akabaki Mcharo peke yake.

"Basi ni damu yetu," Eliamani akasema. "Tumezaliwa na kifo hiki."

"Labda damu nayo ina lake, sijui. Lakini damu yangu si hiyo hiyo? Ila mkia wa kondoo sijaonja. Wanawake hatupewi. Kiko hatupewi. Pikipiki ndiyo kabisa! Sisi tunapanda kilima na ndoo kichwani."

"Dada, unatukana mila!" Mcharo akafoka.

"Situkani mtu. Wakuu mliowapa sahani hiyo waliwapenda ninyi, nanyi mliwapenda wao. Nasema nilichokiona."

Mjane wa Sifueli, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akakiinua.

"Hospitali walimwambia presha iko juu," akasema taratibu. "Wakampa vidonge. Alivificha chini ya godoro. Alisema mkuu wa ukoo haonekani mgonjwa."

Eliamani akaitazama sahani. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni. Siku zote hizo aliogopa alichokuwa anakwenda kukikalia. Kilichokuwa mikononi mwake hakukitazama hata mara moja.

Akainuka, akaiweka sahani juu ya kiti.

"Kesho nakwenda kupima presha. Baba mdogo, utanisindikiza?"

"Kwa pikipiki?"

"Kwa miguu."

Watu wakacheka, na Mcharo, ili asionekane mwoga, akakubali.

Asubuhi, kwenye mwinuko wa kwanza, Mcharo alisimama ghafla. Uso ulikuwa umelowa jasho, na kiganja kimebana kifua. Miaka yote hiyo, kila mkuu alipopewa mkia, sahani ya pili ya mafuta ilikuwa ya Mcharo.

"Ni gesi tu," akasema akihema. "Hunishika kila nikipanda, kisha huachia. Usiwaambie watu."

Eliamani hakubishana naye. Alimkalisha kando ya njia, akakimbilia barabarani, akaipungia mikono pikipiki ya kwanza iliyotokea.

"Leo panda, baba mdogo," akasema. "Mimi nakuja nyuma yako."

Funzo: Damu ya ukoo hatukuichagua, lakini mafuta, chumvi, tumbaku na kukaa tu tunavipokea kwa mikono miwili na kusema asante; mpende mkubwa wako kwa kumpeleka akapimwe, kabla hamjakaa kutafuta nani kamroga.