Mkeka wa Adhuhuri

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Sham palikuwa na nyumba ya wakfu walimotunzwa wazee wasio na jamaa, na mpishi wao alikuwa mja mwema aitwaye Bi Thuwaiba.

Ulipoandama mwezi wa Ramadhani, msimamizi wa nyumba alimwambia, "Wagonjwa wasioweza kufunga wape chakula uani, nyuma ya kuni. Tena baada ya alasiri, wapita njia wakishapungua. Tuuheshimu mwezi."

Subhanallah! Eti heshima. Mtu mzima na mvi zake achutame nyuma ya kuni kama mwizi wa kuku, ale chakula kilichokwisha kupoa!

Sheikh Mundhiri, mzee aliyekatazwa na tabibu kukaa na njaa, alikwenda huko mara moja tu, kisha akakataa kula kabisa. Akalegea, hata kuinuka kitandani ikawa taabu. Bi Thuwaiba akaingiwa na hofu kwamba mzee huyu atamfia mikononi.

Basi adhuhuri moja akatandika mkeka safi barazani, akaleta uji wa ngano na mchuzi wa moto, akamshika mzee mkono, akamketisha na kumnawisha.

"Karibu, baba."

Mzee akageuza uso, machozi yakimlengalenga. "Binti yangu, nafunga tangu sijabaleghe. Leo nile mchana, watu wakinitazama?"

"Baba, aliyeniamrisha mimi kufunga ndiye aliyekuruhusu wewe kula. Mimi namtii kwa njaa yangu, nawe mtii kwa tonge lako. Aibu iko wapi?"

Mzee hakuugusa uji. Bi Thuwaiba, midomo imemkauka kwa saumu, akakaa papo hapo bila kumhimiza. Mchuzi ulipopoa akaenda kuupasha, akarudi nao.

Mara msimamizi akatokea, amekunja uso. "Nilikwambiaje?"

"Ukitaka kunifukuza, bwana, nifukuze. Lakini mwache kwanza mzee ale."

Hapo Sheikh Mundhiri akanyoosha mkono. "Bismillahi!" akasema, kwa sauti iliyofika hadi uani. Wagonjwa waliokuwa wakingojea alasiri huko wakaanza kuja, mmoja baada ya mwingine. "Thuwaiba, mwanangu," akasema wa kwanza wao, "na sisi tupe nafasi hapo."

Msimamizi akatahayari. Akasimama kidogo, kisha akalichukua birika, akainama kuwanawisha.

Ndugu zangu, anayemcheleweshea mgonjwa chakula kwa jina la dini na ajiulize anamridhisha nani. Nasi Mwenyezi Mungu atujaalie, tukiufikia umri ule, tupate wa kutunawisha mikono.