Kindi na Sukari ya Kwenye Ugali

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Sufuria?"

"Jikoni."

"Mwiko?"

"Mkononi."

"Na tonge?"

"Mdomoni, na lisitoke."

Hapo kale palikuwa na Kindi, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno. Kindi alitaka kusoma shahada ya biokemia. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuoni, na chuo cha wanyama kilikuwa kimebakiza nafasi moja tu.

Akachora mpango wake mchangani, mama yake akitazama. "Mwaka wa kwanza nasoma kemia, biolojia na hesabu, maana nyumba haianzi kwa paa. Wa pili, vimeng'enya, vile vinavyovunjavunja chakula mwilini. Wa tatu, maabara na utafiti wangu mwenyewe."

"Huyo nimemzaa mimi," Mama Kindi akawaambia majirani. Majirani walikuwa hawajauliza.

Mara, puu! Fisi akakalia mpango. "Nafasi hiyo ni yangu. Nitasoma yote mwaka wa kwanza, jioni nile pilau la mahafali."

"Na kemia, mzee?"

"Nitaimeza."

"Na hesabu?"

"Nitaimeza."

"Na maabara?"

"Nitaimeza na chupa zake."

Kindi akampima Fisi kwa macho. Kwa nguvu hamuwezi Fisi. Lakini alimjua vizuri: mfupa atauguguna, ila kitu laini hakilali mdomoni mwake. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Nafasi ni yako, mzee. Ila wasije wakasema umependelewa. Mama Nyani, mkuu wa chuo, atupikie ugali mtupu. Atakayeonja sukari ndani yake bila kuongeza kitu, ndiye asome. Wewe mkubwa, chukua sufuria nzima. Mimi katonge kamoja kananitosha."

Fisi akacheka mpaka udenda ukamtoka. "Sufuria nzima, sukari nzima. Nimekubali mbele ya wote."

Ugali ukaletwa. Fisi akatupia tonge, gudu!

"Sukari?" akauliza Mama Nyani.

"Bado."

Gudu!

"Sukari?"

"Naona iko chini huko."

Gudu, gudu, gudu! Sufuria ikabaki tupu, tumbo likajaa ndi, sukari hakuionja.

Kindi akatia katonge kake mdomoni. Tafu, tafu, tafu.

"Si umeze?" Fisi akafoka.

Tafu, tafu, tafu. Hatimaye Kindi akatabasamu. "Imekuja. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga wa ugali ukawa sukari. Lakini kinataka subira. Mama Nyani, tafuna uone."

Mama Nyani akabandua ugali uliobaki kwenye mwiko, akautafuna taratibu, macho yakamtoka. "Tamu kweli. Mwanangu, nafasi ni yako."

Fisi akataka kuruka amkamate, tumbo likakataa kunyanyuka. Kindi akarudi mchangani, akachora mpango wake upya, mkubwa kuliko wa mwanzo. Mama yake akauzunguka kwa vigelegele, akihakikisha hakuna jirani aliyelala. Na Kindi alijisikia fahari, hakuificha.

Sufuria imeoshwa, hadithi imekwisha. Aliyeshiba ashushe mwiko.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: chakula msitafune. Mezeni upesi kama Mzee Fisi. Ukitafuna utaonja sukari, ukiionja utauliza imetoka wapi, na ukishauliza utapelekwa chuoni miaka mitatu, na mama yako hatanyamaza tena maisha yake yote.